Mstari wa Tano

Asbjørg, jirani wa ng'ambo ya mto, anadai kanisa lilishusha pumzi. Anasema ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Alikuwa akikung'uta zulia barazani, akainua macho, akaona madirisha yote sita ya upande wa mto yameingia ukungu kwa ndani, kama ya jikoni mtu anapochemsha viazi. Hapakuwa na gari mlangoni wala nyayo kwenye theluji. Kisha theluji ya paa, upande mzima, ikaporomoka kwa mkupuo mmoja, na yeye akaangusha zulia.

Aliyasimulia hayo Jumatano asubuhi dukani, mbele ya friza ya samaki, na watu wakacheka. Asbjørg ndiye yuleyule aliyeona mbwa mwitu mwaka juzi, na huyo mbwa mwitu akaja kuwa mbwa wa mwalimu. Mtu mmoja akamwambia labda marehemu Halvdan Moen ameingia mapema kushika nafasi, maana mazishi yake ni Ijumaa. Asbjørg akajibu kwamba Halvdan hakuwahi kufika kanisani kwa wakati tangu siku ya ubatizo wake, seuze sasa.

Gunnvor, aliyekuwa kwenye kaunta akipokea pesa, alicheka pamoja na wengine. Aliiweka hadithi hiyo moyoni ampelekee mumewe nyumbani, kwa sababu tangu mwezi wa kumi na moja Torgrim hakuwa na la kumchekesha.

Kwa miaka ishirini na miwili Torgrim alikuwa mtunza kanisa lile la mbao. Ibada zake ni tano tu kwa mwaka, labda na mazishi mawili matatu. Kisha ofisi ya makanisa ya mjini, kilomita hamsini kutoka hapa, ikaleta kisanduku cheupe chenye taa ndogo ya kijani, kikafungwa mahali pa swichi nyeusi kumi na mbili za kuzungusha, moja kwa kila mstari wa mabenchi. Sasa joto la kanisa linawashwa kwa simu, mtu akiwa amekaa ofisini kwake. Walimwandalia Torgrim keki yenye jina lake juu, jina likakosewa herufi moja, wakampigia makofi, wakamwomba ufunguo.

*

Walikula saa kumi, samaki na viazi. Gunnvor alisimulia vizuri, akaigiza hata zulia linavyoanguka. Alipofika kwenye paa aliona kijiko cha mumewe kimesimama.

Torgrim aliuliza kama ni madirisha yote sita. Gunnvor akasema ndivyo Asbjørg anavyodai. Akauliza tena: hata la tatu kutoka mlangoni? Gunnvor akamwambia hakuwa amemhoji Asbjørg kama polisi, lakini ni yote. Torgrim akasema itakuwa ofisi walikuwa wanajaribu mtambo wao, akarudi kwenye viazi, akavikata vipande vidogo sana, wala hakuvila.

Gunnvor ana subira ya kungoja maziwa yachemke bila kuondoka. Aliosha sufuria, akaifuta, akaitundika, akaanza kufuta jiko lililokuwa safi tayari. Nyuma yake kiti kilisogea, kisha kikarudi mahali pake.

"Chini ya mstari wa tano kuna waya wa taa," Torgrim alisema.

"Taa gani?"

"Ile ya kijani, ya mama yako. Uliyoniuliza nimeipeleka wapi."

Gunnvor aliketi, kitambaa mkononi. Yeye hajui umeme, lakini anajua waya wa taa ya mezani ulivyo mwembamba, na anajua hita za chini ya mabenchi zinavyokula umeme.

Torgrim akamweleza, macho mezani. Miaka kumi na moja iliyopita, baridi ilipofika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, panya walikuwa wameguguna waya chini ya sakafu, na mstari wa tano ukazimika siku moja kabla ya mazishi ya mke wa huyuhuyu Halvdan. Fundi asingefika hadi wiki ijayo. Akang'oa ubao mmoja, akaunga alichokuwa nacho, akafunika. Alikusudia kurudi baada ya mazishi. Lakini huku kazi ya kanisa haipelekewi bili wala haiandikwi popote. Mtu anatengeneza, anakwenda zake nyumbani, na kesho yake imeshakuwa kama haikuharibika. Akawa anauendesha mstari ule kwa mkono. Anaziwasha hita zake mwisho, saa moja tu kabla ya ibada, na wimbo wa kwanza ukiisha anajipenyeza kwenye chumba cha mchungaji anazima. Hakuna mwingine aliyejua. Walichojua watu ni kwamba mstari wa tano, walipokaa akina Moen, ni wa baridi, na bonde zima likawa linatania kwamba Torgrim ana kinyongo na akina Moen. Halvdan alimlalamikia kila Krismasi. Kila Krismasi Torgrim alimwambia avae soksi mbili.

"Na chini ya sakafu kuna nini?" Gunnvor aliuliza.

"Maranda. Makavu. Yapo tangu enzi za babu zetu."

Gunnvor akauliza kwa nini hakumwambia fundi mwezi wa kumi na moja, mtambo ulipofungwa. Torgrim akasema fundi alikuwa kijana mwenye adabu, Sindre. Alimuuliza kama kuna chochote chini ya sakafu anachopaswa kukijua. Lakini Vigdis, mkuu wa ofisi ya makanisa, alikuwa amesimama hapohapo na karatasi za gharama. Kulikuwa na kipengele cha kufunua sakafu na kukagua nyaya, kroner elfu arobaini na mbili. Vigdis alikuwa amekikata kwa kalamu. Alimwambia kijana kwamba hawana haja ya kulipia hayo, Torgrim analijua kanisa hili kama kiganja chake, muulize yeye. Wote wawili wakamgeukia.

"Nikasema hakuna kitu," Torgrim alisema. "Yule kijana akapima na vyombo vyake, vikamwambia hakuna kitu."

"Huenda ni kweli hakuna kitu. Kama Jumanne waliwasha na halikuungua."

"Jumanne walijaribu tu, labda saa moja. Saa moja hata mimi nilikuwa nawasha." Alifungua simu yake akamsogezea. Kwenye ukurasa wa ofisi ya makanisa palikuwa na tangazo la mazishi, saa tano asubuhi siku ya Ijumaa, na chini yake maneno ya furaha: kanisa litapashwa joto kuanzia Alhamisi saa sita mchana, mistari yote, njooni bila wasiwasi.

Gunnvor alihesabu kwa vidole chini ya meza. Saa ishirini na tatu. Kisha akaona aibu kwa kitu alichokiwaza kwanza, akakisema hata hivyo: kama kanisa likiungua, bima ikiuliza, watachukua nyumba hii?

Torgrim akasema hajui. Akasema si nyumba anayoiwaza. Anawaza watu mia moja wamekaa, jeneza liko mbele, na mlango wa kanisa lile ni mmoja.

*

Alhamisi Gunnvor aliwaambia dukani anaumwa jino. Walitoka mapema, yeye akiendesha. Njiani Torgrim alimpigia Sindre, yule fundi. Simu ikajibu yenyewe kwamba Sindre yuko likizo hadi tarehe kumi na tisa, na kwa jambo la dharura piga namba nyingine. Kwenye namba ile sauti ilimwambia yeye ni wa nane kwenye foleni. Alipokuwa wa sita wakaingia kwenye handaki la mlimani, na simu ikakatika.

Mjini alimwomba Gunnvor abaki garini. Akasema jambo hili alilifanya peke yake, atalisema peke yake.

Mapokezi palikuwa na msichana mgeni aliyemuuliza anamtafuta nani na kwa sababu gani. Torgrim akasema yeye ni mtunza kanisa. Msichana akaangalia orodha, akasema kwa upole kwamba kanisa hilo halina mtunza kanisa. Akampa kadi ya mgeni aivae shingoni, akamwelekeza kwenye kiti cha chini, karibu na mtambo wa kahawa. Alikaa pale nusu saa nzima na kadi yake, magoti karibu na kidevu. Mambo yote aliyoyapanga garini yalikuwa yakimtoka moja moja.

Vigdis alipotoka alifurahi kweli kumwona. Si mtu mbaya, Vigdis. Ana makanisa saba na pesa za makanisa matatu, na kila mwaka anaulizwa kwa nini hajafunga hata moja. Aliangalia saa, akasema ana kikao saa sita lakini Torgrim lazima aone hiki, akatoa simu. Kwenye kioo palikuwa na mchoro wa kanisa kutoka juu, na mabenchi yamechorwa kama mistari kumi na miwili ya kijivu.

Torgrim akasema amekuja kwa habari ya kesho. Vigdis akasema kesho ndiyo atakapojua raha yake, atakuja kama mgeni mwingine, akae, aimbe. Akabonyeza, na mistari ikaanza kugeuka myekundu kutoka mbele. Alisema anawasha dakika kumi kabla ya wakati asije akasahau kikaoni. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Torgrim alikuwa akitazama kanisa lake likiwaka kwenye kiganja cha mtu.

"Shika, jaribu mwenyewe," Vigdis alisema. "Haiumi."

Torgrim aliishika. Mstari wa tano ulikuwa mwekundu tayari. Aliweka kidole gumba juu yake, ukarudi kuwa wa kijivu.

"Huu uache hivi," alisema.

Vigdis aliangalia ni upi, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Torgrim. Huo ni wa akina Moen."

"Wamezoea baridi."

"Baba yao amekufa." Alichukua simu yake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Miaka yote hii watu waliniambia, nikawajibu Torgrim si mtu wa kinyongo. Binti wa marehemu amenipigia juzi, ameniomba kitu kimoja tu, kesho miguu yao isigande. Wewe umekuja kilomita hamsini kwa ajili ya hili?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Torgrim alifungua mdomo. Msichana wa mapokezi alikuwa anasikiliza. Watu wawili wa kikao walikuwa wamesimama na vikombe, na mmoja wao alitazama kadi ya mgeni kifuani mwake, kisha akatazama pembeni kwa heshima. Torgrim akasema alikuwa anapita tu. Akauliza kama anaweza kupata ufunguo nusu saa, ameacha glavu zake kwenye chumba cha mchungaji.

Vigdis akamwambia kitasa kimebadilishwa, sasa ni namba za siri, na namba wanazo watu wa kampuni ya mazishi tu. Atawaomba kesho wamtafutie hizo glavu. Kisha, mbele ya macho yake, akabonyeza mstari wa tano ukawa mwekundu, akamgusa bega, akaingia kikaoni.

Gunnvor alimwona anatoka akiwa bado na kadi shingoni. Akajua hajasema, akawasha gari kuelekea kanisani.

*

Walipofika kanisani ilikuwa imeshapita saa saba. Hakuna aliyekuwa amepita njia ya kanisani, na theluji ilikuwa juu ya magoti. Gunnvor alitoa beleshi kwenye buti la gari, akatangulia kuchimba njia, Torgrim akifuata kwa kukanyaga alipokanyaga yeye. Madirisha ya upande wa mto yalikuwa yameingia ukungu. Yote sita, hata la tatu, lililo usawa wa mstari wa tano.

Mlangoni palikuwa na kitasa kipya chenye tarakimu. Torgrim alijaribu mwaka ambao kanisa lilijengwa, akajaribu mwaka huu. Kitasa kilipiga mlio mkali mara mbili, kikazima taa yake. Swichi kuu ya umeme iko ndani, hatua mbili kutoka dirisha la chumba cha mchungaji. Alikuwa akiigusa kila alipoingia, kama wengine wanavyogusa kofia.

Walizunguka ukuta. Kwenye msingi wa mawe kuna matundu ya kupitisha hewa chini ya sakafu, na Torgrim anajua tundu la mstari wa tano bila kuhesabu. Alipiga magoti, akavua glavu, akaingiza mkono hadi kiwiko. Alisema pana uvuguvugu. Akaingiza mkono kwenye tundu la pembeni, akasema na hapa pana uvuguvugu. Akarudi kwenye lile la kwanza, akasema hajui tena, mkono umeshaganda, hauwezi kumwambia kitu.

"Nasikia harufu," Gunnvor alisema.

"Ni lami. Kuta zimepakwa lami. Zikipata joto hunuka hivi siku zote."

"Hivi hasa?"

Torgrim alinusa. Kwa miaka ishirini na miwili harufu ile ilikuwa kwake harufu ya Jumamosi, ya kazi iliyokwenda sawa. Sasa aliivuta puani na haikumwambia kama ni mbao zinazopata joto au mbao zinazoanza kuungua. Alijaribu kukumbuka tofauti yake. Hakuikumbuka, akakaa kwenye theluji.

Gunnvor akasema anawapigia zimamoto. Torgrim akamkumbusha kwamba hao ni Oddmund wa karakana na wenzake wanne wanaojitolea, ni dakika arobaini hadi wafike, na wakifika watauvunja mlango kwa shoka. Kama ni lami tu, kesho akina Moen watapitisha jeneza kwenye mlango uliovunjwa, na watamuuliza nani ameuvunja, na kwa nini. Gunnvor akamwambia basi ampigie Vigdis sasa hivi, aongee kama mtu aliyekwenda kusema jambo akalisema. Akamwambia aweke sauti nje ili na yeye asikie.

Mara ya kwanza simu iliita hadi ikakatika. Mara ya pili ilikatwa. Gunnvor alikuwa ameshachimba theluji mpaka chini ya dirisha la chumba cha mchungaji, akasimama hapo na beleshi mkononi. Kioo cha dirisha lile ni cha zamani, kina mawimbi kama maji, na Torgrim alikiosha mara mbili kila mwaka kwa kitambaa cha pamba peke yake. Mara ya tatu Vigdis alipokea, akanong'ona kwamba yuko kikaoni.

"Chini ya mstari wa tano nimeunga waya wa taa ya mezani," Torgrim alisema. "Mimi mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita. Umelala kwenye maranda. Hauwezi kubeba joto hilo zaidi ya saa moja, na umewasha tangu saa sita kasoro. Sindre aliniuliza nikasema hakuna kitu. Leo nimekuja kukwambia, sikukwambia. Zima."

Vijiko vilisikika vikigonga vikombe, na sauti ya mwanamume akisoma tarakimu. Kisha mlango ukafungwa, na vijiko vikanyamaza.

"Ulisema hakuna kitu," Vigdis alisema. Hakuwa ananong'ona tena.

"Nilisema."

"Niliweka sahihi, Torgrim. Kwenye karatasi ya bima nimeandika sakafu imekaguliwa. Niliandika kwa sababu wewe ulisema."

"Najua."

"Sasa nikizima, itabidi niandike kwa nini nimezima. Mtambo unaweka kila kitu, nani kabonyeza, saa ngapi. Unaona moshi?"

Torgrim aliangalia ukuta. Mvuke mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye mbao pale theluji ilipoyeyuka, au palikuwa na kitu kingine ndani ya mvuke ule. Hakutaka kudanganya mara ya pili.

"Sijui ninachokiona," alisema. "Zima, Vigdis. Huo mmoja tu. Mengine yote uniandike mimi, utakavyo, nitaweka sahihi. Lakini zima kwanza. Nakuomba."

Gunnvor alikuwa ameinua beleshi hadi usawa wa kioo, akimtazama mumewe, akingoja ishara avunje, aifikie swichi kuu. Torgrim hakumpa ishara. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili mbele ya uso wake, na simu ilikuwa haijakatika. Sekunde zilikuwa zikisogea kwenye kioo chake, dakika mbili na kumi na nne, na kumi na tano, na kumi na sita, na upande wa pili hakuna aliyesema neno.